Visiwa Vilivyo Bara

Katika mazungumzo ya Tanzania neno "Visiwani" halihitaji maelezo: ni Unguja na Pemba pamoja na vijisiwa vilivyo kandokando yao. Mkabala wake ni "Bara". Kwa mgawanyo huo mtu aliyezaliwa Ukerewe, asiyeweza kwenda kumzika shangazi yake ng'ambo ila kwa chombo, huitwa mtu wa Bara. Ndivyo anavyoitwa pia mvuvi wa Kome na mkulima wa Maisome, visiwa viwili vilivyo mkabala na nchi ya Sengerema, upande wa kusini wa Ziwa Viktoria. Wilaya ya Ukerewe peke yake huhesabiwa visiwa 38, na Ukerewe chenyewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo katika Ziwa hilo. Watu hawa wamezungukwa na maji pande zote, lakini jina la hali yao lina wenyewe.

Jambo hili laweza kuonekana kuwa la kiutawala tu, mpaka mtu afungue diwani. Haji Gora Haji, mwana wa Tumbatu, alipoiita diwani yake ya mwaka 1994 Kimbunga: Tungo za Visiwani, hapakuwa na msomaji aliyeuliza ni visiwa vipi. Kabla yake ilikuwapo Malenga wa Mvita ya Ustadh Bhalo, mwaka 1971, kisha Malenga wa Mrima ya Mwinyihatibu Mohammed, mwaka 1977. Katikati ya hizo mbili, mwaka 1976, Kahigi na Mulokozi, wote wawili watu wa pande za Ziwa, walitoa Malenga wa Bara. Mvita wana jina lao, Mrima wana lao, na waliozaliwa karibu na maji mapana kuliko nchi nyingi wakajipanga chini ya neno lisilo na tone la maji. Hapana shaka jina hilo lilikuwa na ushupavu wake kwa wakati ule; lilikuwa kama kusema, na sisi tumo. Lakini lilikubali mgawanyo uliowekwa na wengine, na tangu hapo Ziwa limekaa katika ushairi wa Kiswahili kama mgeni aliyekaribishwa ukumbini asiulizwe ametoka wapi.

Ushairi wa pwani umejengwa juu ya maji yanayokwenda na kurudi. Neno "pwani" lenyewe linatokana na kupwa: ni mahali ambapo maji hupwa, yakaacha mchanga wazi na watu wakateremka kuokota chaza na kuchimba chambo, kisha yakarudi. Mshairi wa Lamu, wa Mombasa au wa Unguja hana haja ya kutafuta tamathali ya dunia igeukayo. Anayo mara mbili kila siku mbele ya mlango wake. Ana bamvua na maji mafu. Ana kusi na kaskazi, na majahazi yaliyokuja kwa upepo mmoja yakaondoka kwa mwingine, yakimwachia tamathali ya mpenzi aliyesafiri na ya neema iliyo na majira. Ana chumvi. Hata wasia wa mama kwa binti, hata shairi la siasa, hupitia humo. Tamathali hizi zimekwisha kuwa za Kiswahili kizima, hata mtoto wa Dodoma asiyepata kuona bahari huandika katika mtihani wake kwamba dunia ni maji kujaa na kupwa.

Sasa tamathali hizo zichukuliwe zipelekwe Sengerema. Ziwa halipwi. Maji ya asubuhi ndiyo ya jioni. Hayana chumvi, hayana bamvua, wala hayajui kusi iletayo jahazi kutoka mbali. Upepo wake ni wa nchi usiku na wa majini mchana, na tufani yake hupenda kuja alfajiri. Kwa hiyo ukingo wa Ziwa, kwa maana kamili ya neno, hauwezi kuitwa pwani. Watu wake wanalijua hilo na wana neno jingine: mwalo. Mwalo ni pale mitumbwi inapoegeshwa, samaki anapopimwa na kuuzwa, nyavu zinapotengenezwa, mama ntilie anapokaanga na injini ya mtumbwi inapofunguliwa juu ya gunia. Mchanga wa mwaloni ni uwanja wa kazi; mara nyingi hauonekani, kwa maana umefunikwa kwa dagaa walioanikwa.

Hapa ndipo maandishi ya utalii yanapofanya dhambi yao ya kawaida. Kijitabu chochote kinachokaribisha wageni katika kisiwa cha nchi za joto hufuata mpango mmoja: mandhari, fukwe, kisha urithi. Mpango huo ulitungwa kwa ajili ya visiwa vya bahari, na unapobandikwa juu ya visiwa vya Ziwa unasema uongo bila ya kutaja jambo moja lisilo kweli. Mchanga mweupe upo Ukerewe na upo Kome. Lakini mzazi wa huko anamkanya mwanawe asichezee maji ya kando kwa sababu ya kichocho, na sehemu nyingine kwa sababu ya mamba. Mbalamwezi ipo pia, na kijitabu kitaisifu. Mvuvi wa dagaa, anayevuta samaki kwa taa, huiona kwa jicho jingine: mwezi ukikomaa taa hazifai kitu, mitumbwi hukaa, na nyumba huishi kwa akiba. Wavuvi wa pwani wanaovua kwa taa wanaijua hesabu hiyo ya giza na mwanga. Ajabu ni kwamba ushairi wa pwani, pamoja na kumsifu mpenzi kwa mwezi wa kumi na nne kwa karne nzima, haukumwuliza mvuvi huyo maoni yake.

Mfano mbaya zaidi ni Rubondo, magharibi ya Maisome. Kijitabu husema ni kisiwa cha mwitu usioguswa. Ukweli ni kwamba kilikuwa na wavuvi na wakulima wake, wakahamishwa katika miaka ya 1960 kilipofanywa pori la akiba. Kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Sokwe wanaoonyeshwa wageni leo ni kizazi cha sokwe walioletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 kutoka Ulaya, ambako walikuwa wamefungwa katika bustani za wanyama na kwingineko. Yaani wenyeji ni wageni, na waliokuwa wenyeji ni majina ya vitongoji visivyokuwapo. Mtungaji wa utenzi angepata nini hapo! Kijitabu kimepata "asili".

Na ikiwa mtu anataka kisiwa cha volkano, kama Ngazija na Karthala yake inayovuta moshi, Ziwa halikumnyima. Upande wa Sengerema wenyewe una moto, ila wa kale mno: ukanda wa miamba unaopita Geita na Sengerema, ambamo dhahabu inachimbwa, umefanyika kwa sehemu kubwa kwa lava iliyomwagika zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Moto ulio karibu zaidi na umri wa viumbe uko ng'ambo, kaskazini mashariki, katika maji ya Kenya. Rusinga na Mfangano ni mabaki ya volkano ya kale ya Kisingiri. Majivu yake yalifukia wanyama na mimea ya miaka ipatayo milioni 18 iliyopita, na humo ndimo Mary Leakey alipopata, mwaka 1948, fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani wakubwa ambaye jina lake lilienea duniani. Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi Julai 1969. Mfangano ina michoro ya miambani inayosemwa kuwa iliachwa na Watwa, na ina Wasuba, ambao wengi wao wameacha Kisuba na kushika Kijaluo. Majivu yamehifadhi jino la mnyama kwa miaka milioni 18, nayo lugha ya watu wanaokaa juu yake inapungua katika maisha ya bibi mmoja na wajukuu wake. Mpango wa kijitabu, mandhari, fukwe na urithi, hauna mahali pa kuliandika hilo.

Mtu mmoja wa Ziwa aliliandika mapema. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari, alimaliza mwaka 1945 kisa kirefu kwa Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, wasiojaliwa mtoto. Alikiandika ili lugha na desturi zisipotee, akitiwa moyo na padri mmoja wa Kanada, Almas Simard. Hakuna aliyekitaka kwa Kikerewe. Baada ya miaka ishirini na zaidi, akiwa mzee, alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Nakala zilifika baada ya yeye kufariki mwaka 1981. Yeye na mkewe walizaa watoto, wote wakafa wakiwa wadogo. Katika kisa chake watoto wanapatikana hatimaye, na majina yao ni Ntulanalwo na Bulihwali: la kwanza ni la mtu akaaye na kifo siku zote, la pili linauliza huzuni itakoma lini.

Msomaji wa pwani aliyekifungua kitabu hiki aghalabu alikiweka chini. Kiswahili chake ni kizito, kina viungo vya Kikerewe, na mwendo wake unachosha: maamkizi yanaandikwa yote, ukweni panaelezwa hatua kwa hatua, pombe ya ndizi inayodaiwa Myombekere kama faini ya kumrudisha mkewe inapikwa mbele ya msomaji mpaka anajua kuipika. Wahakiki walisema ni habari za desturi zilizovikwa hadithi. Lawama hiyo ina haki yake. Zipo kurasa ambazo mhariri jasiri angezipunguza bila ya kuumiza kitu. Lakini mtu asome tena safari ya Myombekere kwenda kwa wakwe zake na ajiulize wasiwasi umetoka wapi, kwa kuwa hapana tukio. Umetoka katika hayo hayo maamkizi. Mwanamume aliyenyang'anywa mke kwa sababu jamaa zake walimtukana kwa utasa anakaa mbele ya Namwero, baba mkwe, na kila salamu inayojibiwa ni hatua moja ya kumrudisha, na kila ukimya ni hatua inayopotea. Ukipunguza maamkizi, umeua hadithi.

Tena katika kisiwa hicho Ziwa halisifiwi. Lipo kama lilivyo kwa mkulima: mahali pa kuteka maji, pa kuvua, pa kuogopa. Jembe lina nafasi kuliko kasia. Hili ni jambo kubwa la kujifunza kwa mtu aliyezoea kudhani kwamba kisiwa ni bahari iliyozunguka nyumba. Kwa Kitereza kisiwa ni ukubwa wa ukoo: unaweza kuutembea wote kwa miguu, kila njia inaishia kwa mtu anayekujua, na fedheha haina pa kukimbilia. Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe, alipokitoa kwa Kiingereza mwaka 2002 alirudi katika Kikerewe chenyewe badala ya kupitia Kiswahili. Kwa mfasiri uamuzi huo ni sahihi. Kwa Kiswahili ni shutuma kidogo: lugha iliyotakiwa kuwa mlango imerukwa dirishani.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, mwaka mmoja kabla Kitereza hajaweka kalamu chini. Rosa Mistika, 1971, inaanzia Namagondo hiyo, katika nyumba ya Zakaria na Regina. Kichwamaji, 1974, inamrudisha Kazimoto Ukerewe akiwa msomi asiyeweza tena kukaa kwao. Wote wawili, Rosa na Kazimoto, wanajiua. Humo pia kisiwa ni mahali ambapo kila mtu anajua. Lakini ni mwaka huo huo wa 1974, kwa diwani ya Kichomi, alipowasha moto uliowagawanya wapenzi wa ushairi kwa miaka mingi: mashairi yasiyo na vina wala urari wa mizani. Wanajadi walisema huo si ushairi, na sheria zilikuwapo, zimeandikwa na Amri Abedi mwaka 1954. Wengine wakasema ni uhuru. Pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja, kwamba mtindo ule ulitoka chuo kikuu na Ulaya.

Inafaa kuuliza kama hawakukosea wote. Kezilahabi mwenyewe alisema alitaka ushairi ulio karibu na lugha ya watu, na kauli hiyo imesomwa kama ilani ya msomi. Isomwe kama kauli ya mtu wa mwalo. Nyimbo za Ziwa alizozaliwa ndani yake hazifungwi kwa vina vya kati na vya mwisho. Wasukuma, ambao leo wamejaa Sengerema, wanalima kwa nyimbo na kucheza bugobogobo wakirusha majembe, na kinachozishika nyimbo hizo ni pigo, urudiaji na kiitikio. Wahaya wana enanga, tendi zinazoimbwa kwa ala yenye nyuzi, ambazo Mulokozi alizichunguza kwa miaka; nazo hazihesabu silabi kwa mtindo wa shairi la pwani. Mtoto wa Namagondo hakuhitaji kwenda Ulaya kujua kwamba maneno yanaweza kupangika bila ya vina. Alichokosa ni bahari. Vina na mizani vilimfikia shuleni vikiwa vimebeba mzigo wa tamathali zao, ile kupwa na kujaa, na mzigo huo haukuwa wake. Alipoushusha, alishusha na chombo.

Hoja hii ina mwamba mbele yake, na haifai kuuzunguka kimya kimya. Amri Abedi, mtunga sheria mwenyewe, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, maji mengine yasiyopwa. Ikiwa ziwa humfanya mtu akatae vina, mbona huyu alivitungia kitabu? Jibu liko katika historia ya Ujiji. Ule ni mji wa njia ya misafara, mji ambao Kiswahili kiliufikia kikiwa na misikiti, kanzu na tungo zake, kikawa lugha ya nyumbani; bahari ilitembea kwa miguu hadi Ujiji. Ukerewe Kiswahili kilikuja kwa padri na kwa karani. Tofauti basi haiko katika maji peke yake, iko katika lugha ambayo mama alimbembelezea mwanawe. Na hata hivyo hoja inabaki na upungufu: tungo nyingi za Kezilahabi zinazungumza na taifa na falsafa kuliko Ziwa, na aliyeishi miaka mingi mbali, mwisho Botswana, aliandika kisiwa kwa macho ya aliyekiacha. Alifariki Januari 2020. Visiwa vyake vina majabali, lakini wavuvi wake ni wachache mno.

Na Sengerema yenyewe? Ukerewe ina Kitereza, Kezilahabi na Ruhumbika. Kome na Maisome, zilizo jirani, zinatajwa vitabuni katika hesabu za samaki na za kichocho. Hata hivyo nchi ya Sengerema ilijua ukisiwa bila ya kuwa kisiwa: mpaka Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi lenye urefu wa kilomita 3, mtu wa huko aliyetaka Mwanza alisubiri kivuko, na ndani ya foleni hiyo wamo waliojifungua na waliokata roho. Leo msafiri anavuka kwa dakika chache. Wa Kome na wa Maisome bado wanaanzia kwenye vivuko vya Nyakaliro na Kahunda. Huzuni ya vyombo wanaijua kama inavyojulikana Nungwi na Wete: MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, karibu na Mwanza, MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018, ikikaribia Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Baina yake ilizama Spice Islander, Septemba 2011. Maombolezo ya upande mmoja na wa pili hayajawahi kuwekwa katika jalada moja, na hakuna sababu ya kifasihi ya kuyatenga.

Yupo pia bamvua la Ziwa, kwa anayetaka kulitungia. Maji hayajai kwa siku, yanajaa kwa miaka. Mvua kubwa za 1961 na zilizofuata ziliyapandisha hadi mwaka 1964 yakameza mashamba ya kando, na wazee walipima umri wa watu kwa mafuriko hayo. Mei 2020 yakafika kimo kile tena na kukipita kidogo. Mialo mingi ikazama, mitumbwi ikafungwa kwenye miti iliyokuwa ya kivuli, vibanda vya dagaa vikahamishwa juu. Kati ya kujaa huku na kule ni umri wa mtu mzima. Mshairi wa pwani huona maji yakirudi jioni ile ile; wa Ziwa hana budi kusubiri ajukuu. Mhariri atakayetafuta tungo za jambo hilo asianze kwa kuandika barua kwa washairi. Aende Kahunda mwezi ukiwa mkubwa, siku ambazo taa zimezimwa na wavuvi wana nafasi ya kukaa, aulize maji ya mwaka 2020 yalifika wapi, na aandike majina ya mawe yaliyozama.